FUNDI NYUMBANI: Mkono wa Breki Unapozama

Mtu aishiye Nyamirambo hahitaji kufunzwa maana ya mteremko. Akishuka kuelekea Kimisagara na Nyabugogo, pikipiki humvuta chini mwendo mrefu, na vidole vyake havibanduki kwenye breki. Katika mteremko wa namna hiyo koplo mmoja wa polisi, akiwa amempakia mkewe, alibana breki ya mbele, na mkono wake ukazama hadi kugusa mshikio pasipo mwendo kupungua. Kilichowaokoa ni gia ya pili na breki ya nyuma. Walipofika chini mama alishuka, akavua kofia ya chuma, akasema, "Baba watoto, mimi narudi kwa miguu."

Ajabu ni kwamba baada ya robo saa breki ilirudi kuwa ngumu kama kawaida. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakaondoka wakidhani yaliyotokea yalikuwa mkosi tu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, hata yakiwa ndani ya kikopo kilichofungwa. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya kufikia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Diski ikipata moto kwa kubanwa mteremko mzima, maji yale huchemka na kugeuka mvuke. Mafuta hayashindiliki, bali mvuke hushindilika. Kwa hiyo nguvu ya mkono huishia katika kuuminya mvuke, na pistoni haisukumi pedi. Vyuma vikipoa, mvuke hurudi kuwa maji, na breki hujifanya nzima mpaka mteremko mwingine.

Koplo alipofungua kifuniko cha kikopo kilichopo kwenye usukani alikuta mafuta meusi kama kahawa. Alikuwa akiyaongeza kila yalipopungua, kutoka kopo lililokaa wazi kabatini zaidi ya mwaka. Mafuta ya namna hiyo hayafai kuongezwa. Yapasa kutolewa yote. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kopo likishafunguliwa lisiwekwe akiba ya muda mrefu.

Kabla ya kushika spana, mwenye pikipiki aisikilize breki yake. Mkono ukiwa laini kama sponji, na ukapata ugumu baada ya kupampu mara kadhaa, ndani mna hewa. Ukibanwa na kushikiliwa, nao ukazama polepole, basi kuna mahali panapovuja, ama mpira wa ndani wa masta silinda umekwisha; kutoa hewa hakutaponya ugonjwa huo. Mkono ukiwa mgumu lakini pikipiki haisimami, pedi zimeingia grisi au zimeungua na kung'aa. Gurudumu likiwa zito hata baada ya kuachia, pistoni imekwama kwa kutu na matope. Na mafuta yakipungua, zitazamwe pedi kwanza, kwa kuwa pedi zikilika pistoni hutoka nje zaidi na kikopo hushuka. Yafaa ikumbukwe pia kwamba pikipiki nyingi ndogo za kazi zina breki za dramu mbele na nyuma, zivutwazo kwa waya au fimbo. Hizo hazina mafuta wala hewa ya kutolewa.

Kazi yenyewe ilifanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alasiri, baada ya umuganda. Ni kazi ya watu wawili, na mama, licha ya hasira yake, ndiye aliyekaa upande wa usukani. Vilivyohitajika ni spana ya namba 8, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, matambara, na kopo jipya la mafuta ya aina iliyoandikwa juu ya kifuniko. DOT 3 na DOT 4 ni za jamii moja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo kamwe. Mafuta ya injini yasikaribie, kwani huvimbisha mipira ya ndani na kuiharibu yote.

Tangi la petroli lilifunikwa kwa tambara lenye maji, maana mafuta ya breki hubabua rangi. Usukani uligeuzwa hadi kikopo kikakaa sawa, kifuniko kikapanguswa vumbi ndipo kikafunguliwa. Spana ilivishwa kwenye nipeli iliyo chini, karibu na gurudumu, mpira ukachomekwa juu yake, na ncha ya pili ikazamishwa katika mafuta safi kidogo ndani ya chupa ili hewa isirudi.

"Bana mara tatu, polepole, halafu shikilia."

"Nimeshikilia."

Koplo alilegeza nipeli robo mzunguko. Mafuta meusi yakaruka pamoja na mapovu, na mkono ukazama. "Usiachie kwanza!" Akaikaza nipeli, ndipo akasema, "Sasa achia." Utaratibu huo usibadilishwe hata mara moja: akiachia nipeli ikiwa wazi, hewa huvutwa ndani, na kazi huanza upya. Hali kadhalika kikopo kisiachwe kukauka. Mama ndiye aliyekuwa akikitazama, akiongeza mafuta kila yalipokaribia alama ya chini; na kwa kweli macho yake yalikuwa makini kuliko ya mumewe, ambaye mara mbili alitaka kuendelea pasipo kuongeza.

Mafuta yalipotoka meupe bila povu, mkono ulikuwa bado na ulaini kidogo. Hewa ndogo hujificha kwenye maungio ya juu ya mpira. Koplo aliugonga mpira taratibu kwa mpini wa bisibisi, kisha akafunga kifuniko na kuufunga mkono wa breki kwenye mshikio kwa kipande cha tyubu kuukuu, ukalala hivyo usiku kucha. Mapovu hupanda yenyewe hadi kwenye kikopo.

Mafuta yaliyotoka yalitiwa katika kopo lenye maandishi, likawekwa juu, mbali na watoto. Yasitiwe hata siku moja katika chupa ya soda au ya juisi. Ni sumu, na mtoto mwenye kiu hatasoma rangi.

Asubuhi ya Jumapili tyubu ilikatwa. Mkono ulisimama mbali na mshikio, mgumu. Koplo aliubana kwa nguvu zake zote nusu dakika, huku mama akipitisha karatasi kavu kwenye kila ungio kutafuta unyevu. Hapakuwa na unyevu. Pikipiki ilijaribiwa kwanza kwa kusukumwa, kisha kwa mwendo wa miguu kwenye uchochoro ulio sawa, kisha kwa gia ya kwanza. Mteremko wa Kimisagara uliachwa hadi Jumatatu, na koplo akaenda peke yake.

Juma lijalo: breki ya dramu, na jinsi ya kupima uchezaji wa pedeli.