Fulana ya kuzuia risasi hailindi nyangumi

Mwezi wa tatu 2008, katika bahari ya Antaktika, Paul Watson wa shirika la Sea Shepherd alisema risasi imekwama katika fulana yake ya kuzuia risasi. Japani ilikana: kwamba maofisa wake walirusha tu vilipuzi vya kelele, vya kuonya. Kila upande ulibaki na neno lake.

Wako wanaosema mwenye kuvaa fulana ile na kofia ngumu anatafuta vita. Hapana. Anayeziba njia ya meli kubwa kwa boti ya mpira anajua hatari iliyo mbele. Tena anahitaji nguo isiyopitisha maji, maana baridi ya kule inaua bila risasi. Tarehe 6 mwezi wa kwanza 2010, meli ya Kijapani Shonan Maru 2 iligongana na boti Ady Gil. Watu wote 6 waliokolewa, boti ikazama.

Lakini vifaa vinalinda mtu tu. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Japani isimamishe programu yake ya uwindaji kule. Mwaka uliofuata ikaanzisha nyingine. Serikali zinazojidai kutetea nyangumi zisimamie sheria zenyewe, zisiwaachie raia waliovaa fulana.