Picha Iliyonyamaza na Mgonjwa Anayesema

Mwaka 2006 msanii wa Australia, Shaun Tan, alichapisha hadithi ya picha iitwayo The Arrival. Haina sentensi hata moja. Mwanamume anamuaga mkewe na binti yake, anavuka bahari, anafika katika mji wa kigeni. Huko anakaguliwa mwili kabla ya kuruhusiwa kuingia, na vikaratasi vinabandikwa kwenye koti lake. Maandishi ya vikaratasi hivyo, kama ya vibao vyote vya mji ule, ni ya herufi alizozibuni msanii mwenyewe. Profesa na mtu asiyepata kukanyaga darasa huzitazama kwa macho yale yale, na wote wawili huingiwa na hofu ya yule mgeni.

Ningependa kila mhudumu wa afya hapa Kolandoto autazame ukurasa huo, kwa maana wagonjwa wake wameuishi. Bibi asiyejua lugha nyingine ila Kisukuma, anayeelekezwa kutoka mapokezi hadi maabara, na kutoka maabara hadi dirisha la dawa, huku karatasi zikiongezeka mkononi, ndiye yule mwanamume mwenye koti.

Tumezoea kudhani kwamba picha ni msaada kwa asiyejua kusoma, yaani ni maandishi yaliyopunguzwa hadhi. Huenda tumelelewa hivyo na katuni zetu wenyewe. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye akina Ndumilakuwili wa Sani, walituchekesha kwa midomo yao. Ukiwanyamazisha, nusu ya utamu imetoweka. (Nawapenda hadi leo.) Lakini hadithi ya picha iliyonyamaza hufanya kazi nyingine. Kwa kuwa ndani yake hakuna asemaye, anayetazama ndiye hulazimika kusema, na husema yaliyo yake.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, Sheila Hollins, alilitambua hilo. Mwaka 1989 alitoa vitabu viwili vya picha zisizo na maneno, kimoja kuhusu kufiwa na mama na kingine kuhusu kufiwa na baba, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili, ambao majonzi yao hayakuwa na msamiati. Mfululizo ulioanzia hapo, Books Beyond Words, umegusa pia kulazwa hospitali na saratani.

Wala jambo hili si geni Usukumani. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya vyama vya wacheza nyoka. Mchoro ulinyamaza ukutani. Waliozungumza ni watu waliokusanyika mbele yake.

Sasa mfikirie mchimbaji mdogo wa Geita. Amekwisha kusikia mara kumi kwamba zebaki ni sumu. Kipeperushi cha kumi na moja hakitamwongezea kitu. Mchoreeni visanduku vinne. Katika cha kwanza, baba anarudi nyumbani jioni, donge la dhahabu na zebaki kiganjani. Katika cha pili, donge liko motoni, juu ya jiko lile lile la kupikia. Katika cha tatu, mvuke unapanda hadi kwa mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Ni mchoraji awezaye kuuonyesha. Cha nne kiacheni kitupu, kisha mwulizeni: kinafuata nini?

Najua pingamizi. Vidonge viwili kutwa mara tatu vinahitaji tarakimu na maelezo ya mdomo. Tena picha hupotosha: asiyezoea vitabu aweza kuanzia kisanduku cha kulia, akaona mtu mzima wa afya akimeza dawa na kuishia kitandani. Kwa hiyo michoro ipelekwe kwanza mialoni na makarashani, itazamwe na wenyewe, kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.

Lililo gumu zaidi ni letu sisi wahudumu, nalo ni kunyamaza. Nimewahi kushindwa. Mama mmoja alikuwa bado anakitazama kisanduku cha kwanza nilipoanza kumweleza cha pili. Akaikunja karatasi taratibu, akaiweka mapajani, na tangu hapo hadi alipoondoka hakuniambia neno jingine isipokuwa, "Sawa, daktari."