Staa Huyu wa Chuga Atawaua Watu na "Free" Yake

Kuna staa mmoja wa Chuga, jina likae pembeni maana mjini hapa wanamjua, karusha klipu akiwa kwenye ndinga yake anawahi ndege KIA. Anajisifu eti anaokoa mafuta: akiukuta mteremko wa kuelekea Tengeru anatupa gia free, mara nyingine anazima kabisa injini, gari inajitembeza yenyewe. Mashabiki huko chini: "Bro we ni noma!"

Unoma uko wapi hapo?

Ni kweli wese limekaba. Mei 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kila mwezi watu wanasubiri bei za EWURA kama matokeo ya form four. Ni kweli pia njia inashuka: mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, KIA kama 900.

Lakini gari nyingi za siku hizi, hata ka-IST, zina injekta zinazoongozwa na kompyuta. Dereva akiachia mafuta gari ikiwa kwenye gia, kompyuta inakata wese, matairi ndiyo yanazungusha injini. Akitupa free, injini inadai wese ili isizime. Yaani staa anachoma mafuta huku breki akiziachia kazi yote peke yake! Kuzima ndiyo balaa kabisa: usukani unakuwa mzito, na akikanyaga breki mara mbili tatu pedali inakuwa jiwe.

Arusha si mji wa kuchezea breki. Februari 2024, Ngaramtoni Kibaoni, lori lililofeli breki liligonga magari mengine, watu 25 wakafa. Lile lilifeli. Huyu anajifelisha mwenyewe, tena anafundisha wenzake.

Madereva wazoefu wa njia hiyo wanajua kila tuta na kila zebra, wanaachia mafuta mapema badala ya kukimbilia kufunga breki. Wanapima upepo wa matairi. Wakirudi, maana kutoka Usa River ni kupanda, hawakandamizi mguu. Hiyo haileti laiki, ila hela inabaki mfukoni.

Staa akishapata kiki yake anapanda ndege. Anayebaki barabarani ni dogo wa Kijenge na IST ya mkopo, abiria wanne ndani, anajaribu alichokiona kwenye simu.

Afute hiyo klipu.