Fundi Kaja Kutengeneza Hita, Kaondoka Kauza Mpya

Kila Januari, baridi ikishuka chini ya sifuri kwenye miji ya Marekani kama Minneapolis, Des Moines na Columbus, wanakuja. Gari safi lenye picha ya familia inayotabasamu, viatu vimevishwa mifuko ya plastiki wasichafue zulia, tableti mkononi. Wengi wao ni mafundi kweli. Baadhi ni wachuuzi waliokabidhiwa bisibisi, na hao ndio wanaokula jasho la ndugu zetu: Mkongo aliyefanya zamu za usiku kiwandani mpaka akapata hati ya nyumba, Mkenya muuguzi, Mtanzania dereva wa lori. Miaka yote ya kupanga, hita ikizima ilikuwa shida ya mwenye nyumba. Leo mwenye nyumba ni wewe, na hakuna aliyekuambia bei.

Basi nitazitaja, maana kufichwa kwa bei ndiyo biashara yenyewe. Ni makadirio, na miji hutofautiana. Fundi kuja tu kuangalia ni kati ya dola 75 na 200. Usiku au sikukuu inapanda. Kiwashio cha gesi, pamoja na kazi, dola 150 hadi 400. Mota ndogo inayofukuza moshi, 400 hadi 1,000. Mota ya feni inayosukuma hewa ya moto vyumbani, 400 hadi 900 ikiwa ya aina ya zamani. Zile mpya za kielektroniki zinaweza kufika 2,000. Bodi inayoongoza mtambo mzima, 400 hadi 800. Ukitajiwa dola 900 kwa kiwashio ambacho chenyewe dukani kwa kawaida hakifiki dola 100, funga mlango.

Kuna kifaa kimoja ambacho kila mwenye nyumba angekijua, nusu ya wachuuzi hawa wangelala njaa. Ndani ya hita ya gesi, mbele ya ndimi za moto, kuna kijiti chembamba cha chuma kilichoshikwa na skrubu moja. Ni kihisi cha moto. Kazi yake ni kuihakikishia bodi kwamba gesi iliyofunguliwa imeshika moto kweli. Kisipouona moto, gesi inafungwa baada ya sekunde chache isije ikajaa. Kijiti kikishika utando, hakioni kitu hata moto ukiwaka mbele yake. Hita inawaka, inazima. Inawaka tena, inazima. Ikishajaribu mara kadhaa inagoma, na nyumba inaanza kupoa. Dawa yake ni kuzima umeme na gesi, kufungua ile skrubu, kusugua kijiti taratibu kwa uzi laini wa chuma na kukirudisha. Kipya kinauzwa dola 10 hadi 30. Fundi mwaminifu atakulipisha ujio wake na kazi hiyo ndogo, atakunywa chai yako, ataondoka. Mchuuzi atatikisa kichwa, atapiga picha kutu ambayo haihusiani na lolote, kisha atakuambia hita yako ya miaka 13 imezeeka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fundi analipia gari, bima, leseni na mafunzo, na anaitika simu saa nane usiku theluji ikiwa magotini. Kifaa cha dola 30 kuwekwa kwa dola 200 si wizi. Hata mimi singetoka kitandani kwa chini ya hapo. Ninachopigana nacho ni kampuni inayomlipa fundi kamisheni kwa kila hita mpya anayouza, halafu inamtuma kwako kwa jina la matengenezo. Na kampuni za namna hiyo zinaongezeka. Wenye mitaji mikubwa Marekani wamekuwa wakizinunua kampuni za mafundi za kifamilia moja baada ya nyingine, wakiliacha jina la babu ubavuni mwa gari ili usishtuke. Jina ni lilelile. Anayesubiri faida hujawahi kumsikia.

Wachuuzi wana pia kanuni yao ya hesabu. Zidisha umri wa hita kwa bei ya matengenezo. Ikizidi 5,000, nunua mpya. Hebu tuifanye. Hita ya miaka 13, matengenezo ya dola 400, jibu 5,200. Kwa hiyo ili kukwepa gharama ya dola 400 utumie 7,000? Hita ya gesi iliyotunzwa huishi miaka 15 hadi 20. Hesabu hiyo haikutungwa na mtu anayekutakia mema.

Hesabu ikishindwa, kinaletwa kifo. Ndani ya hita kuna chuma chenye mikunjo kinachotenganisha moshi wa gesi na hewa unayovuta. Kikipasuka, kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inaweza kuingia vyumbani. Hatari hiyo ni ya kweli na inaua, ndiyo maana inauzika. Mchuuzi anapanda ngazi kutoka ilipo hita na uso wa msiba, anasema chuma kimepasuka, anazima hita na kutundika kibandiko chekundu. Watoto wako ndani, nje ni baridi ya kuua. Nani atabishana?

Usibishane. Dai ushahidi. Mwambie akuonyeshe huo ufa kwa macho yako au kwa kamera, akuandikie kipimo cha kaboni monoksidi alichokipata, kisha umwite fundi wa pili asiyemjua wa kwanza. Hita ibaki imezimwa, jikinge kwa hita ndogo za umeme au nenda kwa jamaa. Usithubutu kuwasha jiko la mkaa ndani. Kengele ya kaboni monoksidi ikilia, au ukinusa gesi, toka na watu wako wote, piga simu ukiwa nje. Zimamoto au kampuni ya gesi watakuja kupima, na hawana hita ya kukuuzia. Ufa ukithibitika, uliza dhamana: watengenezaji wengi huidhamini sehemu hiyo kwa miaka 20 au zaidi, ingawa kazi ya kuibadilisha utailipa mwenyewe.

Halafu tableti inageuzwa upande wako. Dola 119 kwa mwezi, weka kidole hapa. Muislamu anayekimbia riba anaambiwa haina riba miezi 18. Haambiwi kwamba mikopo mingi ya aina hiyo, ukibakiza deni siku ya mwisho, riba inahesabiwa kuanzia siku ya kwanza.

Hapa ndipo ninapokasirika na sisi wenyewe. Mtu aliyekulia akipatana bei masokoni Kariakoo au Gikomba, anayeweza kumchosha muuza mitumba kwa shati moja, anakaa kimya kabla ya kusaini dola 9,000. Tunaona haya. Kiingereza kinatupiga chenga, mgeni kavisha hata viatu mifuko, tunahisi kuuliza ni kumtukana. Uliza! Bei ya kila kitu kwa maandishi kabla hajagusa skrubu. Kifaa gani kimekufa, namba yake ipi, na akuachie kile cha zamani. Kanuni ya serikali kuu, inayosimamiwa na Federal Trade Commission, inampa aliyeuziwa kitu nyumbani kwake hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kuufuta mkataba. Ina mianya, hasa ukisaini karatasi inayosema ni dharura, kwa hiyo usiisaini kabla hujaisoma.

Na kabla ya kumwita yeyote, shuka chini ilipo hita, tochi mkononi. Swichi ya hita, inayofanana na ya taa, huenda mtoto ameizima. Filta iliyoziba huifanya hita ipate joto kupita kiasi na kujizima; ile nyembamba ya inchi moja hubadilishwa kila mwezi hadi mitatu. Angalia bomba jeupe la moshi nje, kama theluji haijalifunika. Kisha chungulia kidirisha kwenye mlango wa hita: kuna taa inayopepesa, na maana ya mapepeso hayo imechapishwa ndani ya mlango huohuo. Fundi akikukuta umeshayahesabu, mazungumzo yake yatabadilika.

Kama fedha hakuna kabisa, kuna mpango wa serikali uitwao LIHEAP, na majimbo mengi huutumia pia kutengeneza au kubadilisha hita za wenye kipato kidogo. Masharti hutegemea kipato, jimbo na hadhi yako ya uhamiaji. Usingoje hita izime: piga simu ofisi ya jimbo lako Oktoba, kabla fedha za msimu hazijaisha.