Saruji ya Afrika Mashariki: Kiwango Kimoja, Vipimo Viwili

Mfuko wa saruji ulioandikwa 42.5 hubeba ahadi: kwamba baada ya siku 28 saruji hiyo itahimili mgandamizo usiopungua megapaskali 42.5. Swali linaloendelea kuzisumbua nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni nani aaminiwe kuithibitisha ahadi hiyo.

Kwenye karatasi, kazi imekwishafanyika. Jumuiya ina sheria ya viwango na ubora tangu mwaka 2006, na saruji ina kiwango cha pamoja, EAS 18, kinachofuata kile cha Ulaya. Bidhaa yenye alama ya ubora kutoka shirika la viwango la nchi mwanachama, liwe TBS la Tanzania, KEBS la Kenya au UNBS la Uganda, inapaswa kupokelewa kwingine bila kupimwa upya.

Hata hivyo, wafanyabiashara wamelalamika kwa miaka mingi kuwa shehena zao husimamishwa, sampuli huchukuliwa na ada hutozwa mara ya pili. Hapo ndipo zile siku 28 zinapoonyesha uzito wake. Hakuna lori linaloweza kusubiri Namanga au Mutukula kwa karibu mwezi mzima, tena saruji huharibika ikipata unyevu. Vipo vipimo vya siku za mwanzo, ila havitoi jibu kamili. Afisa wa mpakani, hata awe mwadilifu kiasi gani, hana la kufanya ila kuiamini alama au kuikataa. Ubora wa saruji huthibitishwa kiwandani na maabara inayokaguliwa mara kwa mara.

Wasiwasi wa maafisa hao si wa bure. Mwaka 2013 jengo liliporomoka jijini Dar es Salaam na kuua watu 36. Mwaka 2016 watu wapatao 50 walikufa Huruma, Nairobi. Ni kweli kwamba maafa ya namna hiyo huwa na vyanzo vingi, na saruji bora haiokoi jengo ambalo fundi wake amebana nondo. Lakini hakuna serikali inayotaka kuulizwa kwa nini ilipokea alama ya jirani bila kuichunguza.

Kwa hiyo kinachohitajika zaidi sasa ni mashirika haya kukaguana maabara na kuoneshana matokeo, kuliko kutunga viwango vipya. Kujiunga kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024 kumeifanya kazi hiyo kuwa kubwa zaidi. Kwa sasa, gharama ya kipimo cha pili huingizwa katika bei ya mfuko, na mwenye kujenga ndiye anayeilipa.