Simbakubwa na Deni la Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Yapo majina ya Kiswahili yanayong'ara katika giza la mbali sana, kwa kuwa yamepewa wanyama waliotoweka mamilioni ya miaka kabla binadamu hajatamka neno lake la kwanza. Katika karne hii, watafiti wa zuolojia wameyaingiza katika orodha ya majina ya kisayansi ambayo kwa muda mrefu ilitawaliwa na Kilatini na Kigiriki. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, fahari isiyofuatwa na kazi haimfaidi mwenye lugha.

Mfano ulio karibu mno na msomaji wa Kenya ni Simbakubwa kutokaafrika. Mabaki yake yalichimbuliwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya mwaka 1978 na 1980, yakahifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Yalikaa humo takriban miongo minne hadi Matthew Borths na Nancy Stevens walipoyafafanua na kuyapa jina mwaka 2019. Mnyama huyo aliishi yapata miaka milioni 22 iliyopita, naye alikuwa mla nyama mwenye taya kubwa kuliko ya simba wa leo. Lakini hakuwa simba. Alikuwa wa kundi la hyaenodonta, lisilo na kizazi chochote kilicho hai, wala halimo katika oda moja na simba, fisi na mbwa. Kwa hivyo, Mswahili alisikiaye jina hilo bila maelezo hupotoshwa na lugha yake mwenyewe.

Isitoshe, jina lenyewe lina walakini wa kisarufi. Nomino ya kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA. Husemwa simba mkubwa, si simba kubwa, kama kwamba ni meza au nyumba. Linganisha na majina ya dinosaria wawili wa bonde la Rukwa, Tanzania. Shingopana songwensis, aliyetangazwa mwaka 2017, ana shingo pana bila hitilafu yoyote. Naye Mnyamawamtuka moyowamkia wa mwaka 2019 ni mnyama wa Mtuka, ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Hapa sarufi imetimia na picha imetimia.

Yamkini itadaiwa kwamba haya ni madogo. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina huruhusu neno la lugha yoyote almuradi liandikwe kwa herufi za Kilatini, na jina lililokwisha kuchapishwa halibatilishwi kwa kosa la upatanisho. Ni kweli, na ndiyo maana mashauriano hufaa yafanyike kabla ya uchapishaji. Wala lawama zisielekezwe kwa wanasayansi pekee. Wao angalau walikikumbuka Kiswahili. Swali ni je, wanakiswahili nao wameikumbuka sayansi? Ripoti zilizowatangaza wanyama hawa ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kiliishia kwenye jina. Mwanafunzi anayeishi karibu na Meswa anaweza kulisoma jina la mnyama wa kwao, lakini maelezo ya mnyama huyo yakamkwepa.

Hasara hii haiwahusu wanyama waliokufa pekee. Tumbili aitwaye kipunji alitambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, baada ya watafiti kusikia habari zake kwa wenyeji wa Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania. Jina lililokuwa vinywani mwao ndilo lililowafikisha watafiti kwa mnyama, nalo likahifadhiwa katika jina lake la kisayansi, Rungwecebus kipunji. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kuwa walisalia 1,117 tu. Mnyama wa namna hii hulindwa kwanza na watu wanaoishi kando ya msitu wake, na watu hao hawawezi kushirikishwa kikamilifu kwa lugha wasiyoisoma.

Basi wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili u wazi. Idara zao hazina budi kushirikiana na idara za zuolojia na makavazi, ili jina linapobuniwa apatikane wa kulipima. Aidha, tasnifu za istilahi zitoke katika kuorodhesha maneno na kuingia katika kuyatumia: kila mnyama mpya anayepewa jina la Kiswahili aandikiwe walau kurasa mbili za Kiswahili sanifu, zenye kueleza alivyokuwa, alipopatikana na jinsi ilivyojulikana hivyo. Kurasa hizo zianze na Simbakubwa, na sentensi yake ya kwanza iseme kwamba hakuwa simba.