Msahafu wa Biharusi Usiwe Pambo



Huko Utah, Marekani, ndiko makao makuu ya Wamormoni. Itikadi yao na yetu ni mbalimbali, na simwiti mtu huko. Ila kuna jambo lao moja limenifanya nijitazame.

Vijana wao wa sekondari husoma maandiko kwa miaka minne, na wengi walio nje ya Utah hukutana asubuhi mapema kabla ya kwenda shule. Jumatatu jioni wameitenga kwa ajili ya familia. Mwaka 2019 ibada yao ya Jumapili, iliyokuwa ya masaa matatu, ikafanywa ya masaa mawili ili watu wasome zaidi majumbani.

Na wao wana simu na filamu kama sisi, katika nchi ambayo wengi wanaiacha dini. Lakini hawangoji hamu ya kusoma iwajie, wameipangia wakati.

Sisi je? Msahafu niliopewa nilipoolewa ulikaa juu ya kabati, karibu na chetezo, hadi ukashika vumbi. Kila siku nilisema nitausoma nikipata nafasi. Nafasi nilipoipata, nilishika simu.

Biharusi, mkishafunga ndoa, wiki ileile ya mwanzo kubaliana na mumeo: baada ya Magharibi, ukurasa mmoja, simu ziwe chumba kingine. Kidogo cha kila siku ndicho kinachodumu. Watoto wakija, inshaallah, wataikuta nyumba ina saa yake ya Qur'ani.